Adui Wetu Alitoka Wapi?

Kwenye kibanda cha video pale Umoja, hatukusema shujaa. Tulisema akta, na kila mtoto alijua akta hafi. Wengine wote ni maadui.

Hiyo sheria ilinishinda 2018, Black Panther ilipotoka. Killmonger, jamaa wa katuni za Marvel tangu 1973, ni adui. Lakini cheki alikotoka: T'Chaka, mfalme wa Wakanda, alimuua ndugu yake mwenyewe kule Oakland, akapanda ndege akaacha mtoto mtaani. Eastlands tunawajua hao. Wakiomoka wanahamia Lavington, hata kwa matanga huwaoni.

Darth Vader naye? Kabla ya ile barakoa alikuwa Anakin, mtoto mtumwa. Majedi walimchukua yeye, mamake wakamwacha utumwani. Miaka kumi inapita na kwenye muvi hatuoni Jedi akirudi kumjulia hali. Halafu wanashangaa kijana ameharibika!

Vader ana sauti noma zaidi, nakubali. Ila T'Challa anamwambia babake usoni kwamba alikosea, kisha anaenda Oakland kununua yale majengo. Majedi hawajibu lolote kuhusu yule mama. Kwangu, Black Panther imeshinda hapo.

Sasa, mabeshte wangu wanaomtetea Killmonger huruka sehemu moja. Kabla hata afike Wakanda, anampiga risasi Linda, demu wake. Hapo simsamehei. Na alipojitokeza kudai kiti cha enzi, hakuna aliyemuuliza Linda yuko wapi.