Kuitambua Kazi Safi ya Kusakinisha Programu za Picha

Anayechunguza migomba ya Bukoba na Muleba kwa picha za satelaiti huenda akaitumia klasta ya kompyuta iliyo mbali. Ya taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, kwa mfano, iko Nairobi. Fundi akishasakinisha programu humo, wengi humpima kwa swali moja: imekubali? Kipimo hicho hakitoshi, kwani makosa mabaya kuliko yote hayazuii programu kufanya kazi. Tutazame GDAL, maktaba inayotegemewa na programu nyingi za ramani, ambayo nayo hutegemea PROJ, maktaba ya kubadilisha mifumo ya kupima mahali. Toleo la 3.0 la GDAL, lililotoka 2019, lilianza kutanguliza latitudo kwenye mfumo wa latitudo na longitudo uitwao EPSG 4326. Msimbo wa zamani uliozoea kutanguliza longitudo, ukiendeshwa juu yake bila marekebisho, unaweza kuihamisha Bukoba kutoka nyuzi 1.3 kusini na 31.8 mashariki hadi nyuzi 31.8 kaskazini na 1.3 magharibi, ndani ya Aljeria, bila onyo lolote. Hilo angalau linaonekana. Lakini lipo kosa lisiloonekana. Ramani za zamani za Tanzania hufuata mfumo wa kupima mahali uitwao Arc 1960. Zikisomwa kana kwamba ni za WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, kila kitu husogea takriban mita 300. Muleba, ambako kibanja, yaani shamba la migomba, kinapakana na kibanja, umbali huo unatosha kuuandika ugonjwa wa unyanjano kwenye migomba ya jirani ambaye shamba lake ni zima kabisa, na picha ikapendeza vilevile.

Kwa hiyo mwombe fundi hati ya usakinishaji kabla ya kumsifu. Iwe imetaja kila maktaba kwa namba kamili ya toleo, ilikopakuliwa, na iliyotangulia kuwekwa. Palipoandikwa tu “toleo jipya”, kazi haijaisha. Kisha aonyeshe jaribio: ncha ya njia ya kurukia ndege ya Uwanja wa Bukoba, iliyopimwa kwa GPS, iangukie mahali pake kwenye picha ya Sentinel-2, ambayo pikseli yake ndogo ni mita 10. Fundi bora pia haondoi toleo la zamani. Huliacha kando ya jipya kama moduli, ili utafiti ulioanza nalo umalizike nalo.

Wapo watakaosema kontena za Apptainer, zinazofunga programu pamoja na maktaba zake, zimemaliza taabu hii. Zinasaidia kweli, hasa kwa kuwa mtumiaji wa klasta hahitaji mamlaka ya msimamizi ili kuziendesha. Lakini kontena huhifadhi kilichowekwa ndani, na kosa la latitudo nalo huhifadhiwa. Wengine watalalamikia muda. Ni kweli hati huchelewesha kazi, ila kukisia matoleo upya mwaka unaofuata huchelewesha zaidi, hasa mtandao ukisuasua. Muda ukibana, maelezo mengine yasubiri. Namba za matoleo na jaribio la uwanja wa ndege vitolewe siku ya kukabidhi.