Silikoni haikupaswa kugusa ile shafti

Nianze na hukumu, maana najua wengi wenu mmeshaiona ile video ya jamaa wa Mahina, hapa Mwanza, akitengeneza mwenyewe mashine yake ya kufulia inayovuja. Kazi ilikufa pale alipochukua mrija wa silikoni nyeusi. Yaliyofuata yalikuwa mapambo.

Kabla ya hapo alichomoa plagi, akafunga koki, akamwaga maji yaliyobaki kupitia filta ya pampu na kupiga picha nyaya kabla hajazigusa. Safi kabisa. Tuendelee.

Rudini pale anapofungua mfuniko wa nyuma. Simu inatikisika, tochi inamulika upande, halafu kwa sekunde chache tunaiona puli, tunauona mkanda, na nyuma ya puli, katikati ya tangi, kuna michirizi ya kahawia. Mmoja umeteremka wima mpaka chini ya tangi. Mingine imerushwa pembeni kwa duara, na hiyo ndiyo ya kutazama, kwa sababu maji yanayodondoka tu hayaruki pembeni. Yamerushwa na kitu kinachozunguka. Na rangi ile ni kutu. Maji ya mpira wa mlango hayana kutu, ya hosi ya pampu hayana kutu. Pale katikati, chuma kinacholika kwanza ni beringi. Kwa hiyo sili ya shafti imeshaachia, maji yameosha grisi, na beringi zimeanza kwenda. Mwenyewe alishatuambia mwanzoni kwamba maji huonekana mashine ikifika kwenye kukamua, na kwamba siku hizi inanguruma. Ushahidi wote ulikuwa mezani.

Akachukua kitambaa, akaifuta ile kutu. Mimi nilisimamisha video hapo. Fundi hafuti alama kabla hajaisoma! Kisha akazungusha silikoni nyuma ya puli, pale shafti inapotokea kwenye tangi, akailainisha kwa kidole kama mpambaji wa keki za harusi, akarudisha mfuniko.

Sasa fikirini hiyo shafti inafanya nini. Kwenye kukamua, mashine ya kawaida inafika mizunguko 1,000 kwa dakika, nyingine 1,200. Ni kati ya mizunguko 16 na 20 kila sekunde. Silikoni aliyoipaka imeshika tangi, ambalo halizunguki, na imeshika shafti, ambayo inazunguka. Kimoja lazima kiachie, na kitaachia kabla hata mashine haijashika kasi. Hapo hakuna ubishi. Sili ya kiwandani ina mdomo wa mpira unaobana shafti kwa wepesi huku ukiteleza juu ya grisi. Gundi haitelezi, ndiyo maana ikaitwa gundi.

Lakini kosa kubwa zaidi ni lile ambalo sijasikia mtu akilitaja. Mashine nyingi za mlango wa mbele zimeachiwa upenyo mdogo kati ya sili na beringi, ili sili ikianza kuchoka maji yatoke nje yasikae kwenye beringi. Ule mchirizi wa kahawia ulikuwa ni mashine ikijitetea. Jamaa ameziba njia ya kutokea akaacha ya kuingilia wazi. Maji yataendelea kuipita ile sili, ila sasa yatakaa ndani na beringi usiku kucha. Na silikoni ikishachanika, yatadondoka tena, mara nyingi moja kwa moja kwenye mota na brashi zake, kwa sababu kwenye mashine za mkanda mota hukaa chini ya tangi. Umeme wetu ni volti 230, na nyumba ngapi Nyamagana zina waya wa ethi unaofanya kazi kweli? Hapo tumeshatoka kwenye habari ya sakafu kulowa.

Halafu akaijaribu. Alijaza maji, akangoja, akamulika chini. Sakafu kavu, video ikaisha, watu wakampongeza. Mashine inayovuja wakati wa kukamua imejaribiwa ikiwa imetulia! Nimelisema hili mpaka nimechoka: swali la kwanza la mashine inayovuja ni inavuja saa ngapi. Ikivuja wakati wa kujaza, tazama hosi ya kuingizia, valvu na droo ya sabuni. Ikivuja wakati wa kufua, shuku mpira wa mlango na ile hosi nene inayotoka chini ya tangi. Ikivuja wakati wa kumwaga, ni pampu, kifuniko cha filta au bomba la kutolea. Ikivuja kwenye kukamua, na kuna kelele, usipoteze muda, ni nyuma. Anayejua saa ya kuvuja ameshafanya nusu ya kazi bila kushika bisibisi.

Wapo walioandika kwamba presha ya MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji, ndiyo imepasua sili, eti tangu chanzo cha Butimba kianze maji yanakuja kwa nguvu. Butimba imejengwa kwa uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, nayo ni heri kwetu tuliozoea kutegemea chanzo cha Capri Point peke yake, lakini haihusiki hapa. Presha ya bomba inaishia kwenye valvu ya kuingizia. Ndani ya tangi hakuna presha ya bomba, kuna kina cha maji tu, tuseme sentimita 30, na meta 10 nzima za maji ndizo zinazofikia takriban bar 1. Sili yako inazuia sehemu ndogo sana ya hiyo. Inachoka kwa umri, kwa mchanga unaokuja na maji yakirudi baada ya mgao, na kwa kubebeshwa mablanketi mawili mahali pa moja.

Mniruhusu nimalizane na silikoni, kwa sababu mji huu umeifanya dini. Simtanki imepasuka, silikoni. Bati limetoboka, silikoni. Rejeta ya gari inachuruzika, silikoni. Haikosi kazi yake halali, hata kwenye mashine ya kufulia. Yapo matangi ya plastiki ambayo kiwandani yalichomwa yakaungana moja kwa moja, hayana boliti, na ukitaka kufika kwenye beringi unayakata kwa msumeno ukifuata mshono. Wakati wa kuyarudisha unapaka silikoni kwenye ule mshono na kuubana kwa boliti. Pale inafaa, kwa sababu nusu mbili za tangi hazizunguki. Tangi la jamaa wa Mahina lilikuwa la boliti, tumeziona zikizunguka ukingo. Alikuwa na mlango akapita dirishani.

Wazee wa bandari ya Mwanza South wangemtoa kwenye karakana. Enzi meli zikiwa chini ya Shirika la Reli, fundi aliyeshika shafti ya propela alijua kwamba pale inapopita kwenye ganda la meli panafungwa kwa kamba maalumu zilizolowekwa grisi, na kwamba meli ikitembea pale lazima padondoke matone machache. Ukikaza mpaka pakauke, kamba zinaungua na shafti inachimbika. Waliheshimu tone. Walilihesabu, wakalisoma, wakajua lini kamba zimechoka. Na pale Makoroboi, watu waliotengeneza taa kwa makopo matupu walijua kuunga bati lisivuje mafuta ya taa, bila mrija wowote wa dukani. Leo kijana ana tochi, ana kamera, ana video elfu za kumfundisha, na anachofanya ni kufuta kutu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kabla ya kufungua chochote, shika ukingo wa ngoma ndani ya mlango, inyanyue juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Kisha izungushe kwa mkono usikilize. Mngurumo wa changarawe ni jibu lile lile. Toa mkanda, puli, uzito wa zege, teremsha tangi, ligawe, gonga shafti itoke, ukiwa umeweka kipande cha mbao kati yake na nyundo. Beringi zimeandikwa namba ubavuni, kwa mfano 6205 na 6206. Ya 6205 ni milimita 25 ndani, 52 nje, unene 15, kokote ulimwenguni, kwa hiyo duka linalouza beringi za mota na pampu pale mjini litakuwa nayo hata kama hawajawahi kuona mashine yako. Sili nayo ina vipimo vyake usoni. Zinunue pamoja, kwa sababu sili mpya juu ya beringi mbovu inaliwa upya. Paka grisi isiyooshwa na maji kwenye mdomo wa sili. Ni shughuli ya siku nzima, inachosha mgongo, na haipendezi kwenye video.

Kisha pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili ulipokuwa umekaa. Hili wengi wanaliruka. Ukucha ukinasa kwenye mtaro, hata sili mpya itavuja ndani ya muda mfupi, na hapo anatafutwa fundi wa kukereza vyuma wa kuvisha pete mpya, au shafti nyingine pamoja na mikono yake mitatu.

Kwa kuchomoa plagi na kumwaga maji nampa alama zote. Kwa uchunguzi nampa sifuri, kwa sababu aliona akafuta. Ndugu yangu wa Mahina, usiiwashe tena. Kwangua silikoni yote, chungulia kama ule upenyo uko wazi, kisha fungua tangi wiki hii, kabla beringi haijakamatana na shafti ukalazimika kununua vyote viwili.