Msichana Mpelelezi na Msamiati Wake: Mdadisi au Mdaku?

Butimba, kusini mwa mji wa Mwanza, ina majengo mawili ambayo kila mkazi huyajua: chuo cha ualimu na gereza kuu. Katika la kwanza hufunzwa walimu; katika la pili wamo waliokwisha hukumiwa, na wamo pia wanaongoja kuhukumiwa. Ndiyo maana mtoto wa Butimba huweza kujifunza mapema kumtofautisha mfungwa na mahabusu, tofauti ambayo watu wazima wa mahali pengi huichanganya. Tumeanza na jambo hili kwa sababu makala haya yanahusu hadithi ambazo uhai wake wote umo katika nafasi iliyo kati ya kushukiwa na kuhukumiwa, yaani hadithi za upelelezi. Tutatazama hasa aina moja iliyoenea katika lugha za kigeni na ambayo walimu na wafasiri wetu hawana budi kuifikiria: hadithi ya upelelezi ya kihistoria, iliyoandikwa kwa ajili ya vijana, ambayo mpelelezi wake ni msichana.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakadhani kwamba kikwazo cha kufasiri au kutunga hadithi za namna hii kwa Kiswahili ni uhaba wa istilahi. Sisi hatuoni hivyo. Maneno tunayo, tena mengi. Kasoro iko katika mgawanyo wake: maneno ya sifa yamekwisha gawiwa askari na wanaume, na maneno ya lawama yamebaki kuwa fungu la mwanamke aulizaye maswali. Mfasiri asipolitambua jambo hilo atamharibu shujaa wake katika ukurasa wa kwanza, hata kama kila neno alilolitumia limo katika kamusi.

Na tutazame kwanza tulikotoka. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957 hadi 1958, na mwaka 1960 riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa. Humo tulimpata Bwana Msa, mtulivu, mwenye kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni. Wahakiki wengi wamekwisha onyesha kwamba Bwana Msa ana udugu na Sherlock Holmes wa Waingereza. Baadaye alikuja Inspekta Wingo katika Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965), kisha Willy Gamba katika Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974), na katika miaka ya 1980 Joram Kiango wa Ben R. Mtobwa. Huo ni ukoo mkubwa, nao umewavuta vijana wengi kusoma Kiswahili kwa hiari yao bila kusukumwa na mtihani. Lakini katika majina hayo makubwa hakuna msichana hata mmoja. Wanawake wamo, ila aghalabu huja wakiwa marehemu, au kishawishi, au msaidizi. Mwenye kuuliza na mwenye kujibu mwishoni ni mwanamume.

Sasa tuyapime maneno yenyewe. Neno askari kanzu limetumika kwa miaka mingi kumtaja polisi asiyevaa sare. Ni neno lililojengwa vizuri, kwani linaeleza kazi kwa kutaja vazi. Lakini vazi hilo ni la kiume, na msichana hawezi kuingia katika neno hilo pasipo kuchekesha. Kachero nalo linanuka kituo cha polisi: msikiaji huwaza mara moja mtu mwenye mshahara, bosi na pingu. Jasusi ni mtu wa dola, afichuaye siri za nchi nyingine, na kumwita hivyo msichana anayemtafuta mama yake ni kumtwika kosa asilolitenda. Limebaki mpelelezi, ambalo halina sare wala ndevu. Limetokana na tendo la kupeleleza tu, na yeyote atendaye tendo hilo anastahili jina hilo. Kando yake wapo mchunguzi na mdadisi, nao hawana ubaguzi.

Lakini tazama upande wa pili wa kamusi. Mwenye kusikiliza maneno ya watu kwa siri ni mdukizi. Mwenye kupenda habari zisizomhusu ni mdaku. Mwenye kufungua makasha ya watu ni mpekuzi. Mwenye kujitia mbele asipoitwa ana kimbelembele. Hayo yote ndiyo matendo ya mpelelezi! Bwana Msa akisimama nyuma ya mlango akasikiliza, msimulizi hutuambia kwamba anachunguza. Msichana wa miaka kumi na minne akisimama pale pale, ulimi wetu huwa tayari kusema kwamba anadukiza. Kisarufi hakuna kosa lolote. Neno ni sahihi. Kosa ni la kihukumu, kwa maana mfasiri amekwisha mtia msichana hatiani kabla ya kuanza kesi. Tunajua jinsi mabinti wengi walivyokatazwa nyumbani kuuliza "mambo ya watu wazima". Hadithi ya namna hii huandikwa ili msomaji wa umri huo aone kwamba kuuliza vizuri ni kipaji. Ikiwa kila kitenzi anachopewa shujaa kina karipio ndani yake, hadithi itafundisha kinyume cha ilichokusudia.

Tutoe mfano wa kazi ambayo mfasiri wetu anaweza kupewa leo. Mwaka 2006 mwandishi wa Marekani, Nancy Springer, alianza mfululizo wa riwaya kuhusu Enola Holmes, dada mdogo wa Sherlock Holmes, ambaye hadithi yake inaanza mwaka 1888 huko Uingereza. Siku Enola anapotimiza miaka kumi na minne, mama yake anatoweka. Kaka yake mkubwa, Mycroft, anataka kumpeleka katika shule ya bweni akafundishwe kuwa bibi wa heshima, na kubanwa kiuno kwa vazi gumu la wanawake wa enzi hiyo. Msichana anatoroka kwa kujifanya mjane, anafika London, na kuanza kazi ya kuwatafuta waliopotea. Vazi lililokusudiwa kumbana analigeuza kuwa mahali pa kufichia vitu vyake vya safari na vya kujihami. Kaka yake Sherlock tulikwisha mpokea katika Kiswahili, akakaa, akazaa jamaa hapa kwetu. Dada yake bado yuko mlangoni.

Mfasiri atakutana na mafundo matatu. Fundo la kwanza ni jina la kazi. Enola hajiiti mpelelezi. Anabuni neno lake kwa mzizi wa Kilatini wenye maana ya kupotea, na kulibandika jina la daktari wa uongo, Ragostin, ambaye yeye anajifanya karani wake. Kumwandika hapa "kachero" ni kuipoteza nia ya mwandishi, maana msichana huyu amejitungia neno kwa sababu maneno yaliyokuwapo hayakumtosha. Sisi tungependekeza mtafuta-waliopotea. Ni neno refu kidogo, lakini linaeleweka na mtoto, na linabeba huruma ambayo neno la kituo cha polisi halina. Hapa pia Kiswahili kinampa mfasiri msaada ambao Kiingereza hakina. Kiambishi a- hakisemi kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke. "Daktari hayupo, ameniagiza nikusikilize" ni sentensi isiyofichua lolote. Mtungaji wa Kiswahili anaweza kumficha mshukiwa wake, awe mume au mke, mpaka ukurasa wa mwisho bila kusema uongo. Hii ni hazina ambayo watungaji wetu wa hadithi za upelelezi wangeweza kuitumia zaidi.

Fundo la pili ni mafumbo. Jina Enola likisomwa kinyumenyume kwa herufi hutoa neno la Kiingereza lenye maana ya "peke yake", na mama na binti huwasiliana kwa maandishi ya siri na matangazo ya magazeti. Mfasiri mvivu ataandika tanbihi na kupita. Mfasiri hodari atakumbuka kwamba watu wa pwani walikuwa na mchezo wao wa maneno uitwao kinyume, ambao Edward Steere aliuandika katika karne ya 19: silabi ya mwisho hutangulizwa mbele. Nyumba huwa mbanyu, siri huwa risi, peke huwa kepe. Jina la shujaa halina haja ya kubadilishwa, lakini barua za siri zinaweza kuandikwa upya kwa kinyume, na mtoto akazifumbua mwenyewe kwa kalamu. Tena atagundua jambo moja lenye maana kubwa katika hadithi ya binti anayemtafuta mzazi wake: neno mama, hata likipinduliwa, hubaki mama.

Fundo la tatu ni wakati. Hadithi ya kihistoria hudai istilahi za wakati wake. Ofisi ya alama za vidole ya polisi wa London ilianzishwa mwaka 1901. Kwa hiyo msemo uliozoeleka kwetu, "alama za vidole zilimfichua", haufai kupenyezwa katika kisa cha mwaka 1888. Kosa la namna hii haliharibu tafsiri peke yake, bali humfundisha mwanafunzi historia ya uongo.

Yote haya yanatuhusu zaidi tunapofikiria hadithi za kwetu, kwa maana kufasiri tu hakutoshi. Mwambao wa ziwa hili umejaa mambo ya kupelelezwa. Tuchukue pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walilalamika kwamba wanapunjwa katika mizani ya wanunuzi, na kutokana na manung'uniko hayo wakajitafutia wapimaji wao wenyewe. Vyama vya ushirika vikakua, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho kubwa la ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Hebu tumfikirie msichana wa shule wa wakati huo, aliyekwenda mnadani na baba yake, akaona kwamba mzigo uliopimwa nyumbani umepungua njiani bila gunia kutoboka. Hana cheo, hana sare, hana ruhusa ya kusema mbele ya wakubwa. Ana hesabu alizofundishwa darasani, basi. Hiyo ni hadithi kamili ya upelelezi, na mkosaji wake anaweza kuwa ye yote katika mlolongo wa watu walioshika gunia lile.

Lakini mtungaji atahitaji msamiati. Msichana huyo atahesabu ratili, si kilo, kwani vipimo vya meta vilikuwa bado havijaenea nchini. Kama hadithi ni ya mwaka 1910, zama za Wadachi, atalipwa kwa rupia na heleri, si shilingi, na mwenye amri atakuwa akida au jumbe. Hawezi kuja Mwanza kwa garimoshi, maana reli ilifika mwaka 1928. Na kama mtungaji anataka kurudi nyuma zaidi, kabla ya ukoloni, yupo mwalimu mkubwa karibu yetu: Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyekamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuifasiri mwenyewe, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Humo mna majina ya mitego, vyombo, dawa na desturi za kisiwa ambayo hatungeweza kuyabuni mezani.

Kwa wafasiri, walimu na wahariri wa vitabu vya watoto, twapendekeza mambo manne:

(a) Mpelelezi liwe neno la jumla kwa mtu ye yote afanyaye kazi hii, mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo. Kachero na askari kanzu yabaki kwa watumishi wa polisi, na jasusi libaki kwa mtu wa siri za dola.

(b) Mdadisi litumike kwa sifa. Mdaku, mdukizi na kimbelembele yawekwe katika vinywa vya wahusika wanaomlaumu shujaa, yasitumiwe na msimulizi mwenyewe, isipokuwa pale anapotaka kwa makusudi kulaumu.

(c) Itunzwe tofauti ya mshukiwa, mshtakiwa, mahabusu na mfungwa. Anayemwita mshukiwa "mhalifu" katika sura ya pili ameiua hadithi, na amemzoesha kijana kuamini kwamba kutajwa ni kutiwa hatiani.

(d) Kila hadithi ya kihistoria isomwe, kabla ya kuchapishwa, na mtu ajuaye vipimo, fedha, vyeo na usafiri wa wakati unaosimuliwa.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na tangu hapo juhudi nyingi zimefanywa kusanifu istilahi za sheria, sayansi na utawala. Istilahi za hadithi za watoto huonekana jambo dogo kando ya hizo. Hatukubali. Hakimu, karani na mkuu wa gereza wa kesho wako darasani leo, na maana ya neno ushahidi huenda wakaipata kwanza katika kitabu walichokisoma chini ya mwembe, kabla ya kuikuta katika sheria. Mwalimu anayehitimu hapa Butimba atakwenda kufundisha Sengerema, Magu au Ukerewe. Ipo siku binti wa darasa la sita atamwuliza swali gumu kuhusu jambo alilolisikia mlangoni. Mwalimu huyo atakuwa na maneno mawili ya kumwita, na lile atakalolichagua ndilo litakaloamua kama binti huyo atauliza tena.