Jik Haikuwa Katikati

Jik ni besi kali. Kuitangaza "ya katikati" mbele ya watoto wetu kwenye jaribio la Ijumaa, hapa Doha, lilikuwa kosa la wazi. Siki, ndimu na magadi vilipimwa sawasawa, na maji ya karkade kutoka Souq Waqif, ambayo ni choya ileile ya kwetu, yalifaa kabisa kuwa kiashiria.

Sasa bilauri ya nne. Mliona wenyewe: Jik ikamiminwa, ukijani ukapita kufumba na kufumbua, kisha rangi yote ikatoweka, ukabaki umanjano hafifu. Mwendeshaji akasema hakuna nyekundu wala kijani, basi si asidi wala si besi. Hapana! Hipokloriti iliyomo ndani ya Jik huivunja rangi yenyewe, kwa nguvu ileile inayoondoa madoa kwenye kanzu. Kilichokufa pale ni kiashiria. Ubesi ulibaki palepale. Jik huwa na pH ya 11 hadi 13, ilhali magadi, aliyoyaita besi bila kusita, yana pH ya chini zaidi. Na kila hatua moja ya pH ni mara kumi. Jibu lilikuwa ule ukijani wa mwanzo, lakini yeye wakati huo alikuwa ameinama anajaza jedwali.

Haraka hii ya kujaza jedwali nimeilalamikia miaka mingi, na nitaendelea. Mkemia Arnold Beckman aliletewa tatizo la namna hii huko California, miaka ya 1930: maji ya malimau yaliyotiwa dioksidi ya salfa yasiharibike, nayo ikawa inafuta rangi ya litimasi. Yeye hakusema malimau yamepoteza asidi. Aliachana na rangi, akaunda kipimo cha pH cha umeme mwaka 1934. Mtu wa namna hiyo anatambua chombo chake kimeshindwa.

Halafu kwa nini Jik iliwekwa ubavuni mwa siki, chumba kimefungwa kwa ajili ya kiyoyozi? Viwili hivyo vikichanganyika hutoa klorini, gesi inayochoma mapafu. Jik hupimwa peke yake, mwisho, dirisha likiwa wazi, na macho yasibanduke kwenye bilauri.

Majedwali ya watoto yakusanywe kabla ya Ijumaa ijayo, na mstari wa nne uandikwe upya: besi kali, rangi ilifutwa.