Namna Kompyuta Dhaifu Inavyoiiga PlayStation

Katika Wilaya za Tarime na Serengeti, ambako vijiji vilivyo mbali na nguzo za umeme hutegemea sola na betri, na ambako vijana wa Sirari na Mugumu, kama wenzao wa miji mingine ya Tanzania, hulipia vibanda vya gemu ili washindane kwa mpira wa PlayStation, suala la kuichezesha gemu hiyo kwenye kompyuta ndogo si upuuzi hata kidogo, bali ni hesabu ya umeme na ya fedha.

PlayStation ya mwaka 1994 ilikuwa na prosesa ya mapigo takriban milioni 34 kwa sekunde. Raspberry Pi ya kwanza, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyotoka Uingereza mwaka 2012, ina mapigo milioni 700, yaani kiasi cha mapigo 20 kwa kila pigo moja la PlayStation. Asiyechungua atadhani kuwa ziada hiyo yatosha na kusaza. Lakini prosesa hizi hazisemi lugha moja, na programu ya kuigia, ikiwa kila amri huisoma, huitambua, huitekeleza na kuuhesabu muda wake, kisha huyarudia yote hayo amri ile ile ijapo tena, yaweza kuyamaliza mapigo hayo 20 kwa amri moja tu, kabla picha haijachorwa, wala sauti, yenye sampuli 44,100 kila sekunde, haijatungwa.

Dawa iliyotumiwa na programu ya PCSX-ReARMed, kwa ufundi wa mtunzi ajulikanaye kwa lakabu ya Ari64, ni kulitwaa fungu zima la amri, kulifasiri mara moja kwa lugha ya ARM, ambayo ndiyo aina ya prosesa ya Raspberry Pi, na kuihifadhi tafsiri hiyo, hata amri zirudiwazo mara elfu zisifasiriwe upya. Fauka ya hayo, kwa kuwa prosesa ya PlayStation ina rejista 32, yaani vihifadhi vidogo vya namba vilivyo ndani ya prosesa yenyewe, na ile ya ARM ina 16, mfasiri hana budi kuamua zipi zikae karibu na zipi zipelekwe kwenye kumbukumbu. Na gemu inapopakia hatua mpya kutoka kwenye CD juu ya ile ya zamani, tafsiri ya awali sharti ibatilishwe papo hapo, la sivyo gemu itakwama.

Ama picha, zikiwa 50 kwa sekunde, kila moja ina milisekunde 20 tu. Muda ukipita, programu huacha kuichora moja, lakini mwenendo wa mchezo na sauti haviachwi, maana sikio hugundua pengo upesi kuliko jicho.

Bodi yenyewe hutosheka na wati tatu na nusu, ambapo runinga hula zaidi. Basi mwenye kutaka kuinusuru betri na aanzie kwenye skrini. Lakini PlayStation 2, ambayo prosesa yake ina mapigo karibu milioni 295, pamoja na vichakataji vya hesabu vilivyo kando yake, haiigiki kwa bodi hiyo, hata ifasiriwe kwa ustadi gani. Mwenye kibanda na asiiuze PlayStation 2 yake.