Ukoo wa Zuberi

Jina la Zuberi nililikuta kwenye karata. Si karata za kopa na shupaza, bali za Magic: The Gathering, ule mchezo wa Kimarekani wa viumbe na uchawi. Binamu yangu, aliporudi kutoka masomoni ng'ambo, aliniachia boksi lililojaa karata zake za zamani, zimechanganyika ovyo. Nilikuwa nazipitia moja moja, majina ya Kiingereza yakinipita bila kunishika, mpaka nikafika hapo: Zuberi, Golden Feather. Zuberi mwenye unyoya wa dhahabu. Chini yake ilikuwapo Ekundu Griffin. Halafu Teremko Griffin. Halafu Mtenda Griffin. Chai yangu ilipoa mezani.

Grifini ni yule kiumbe wa hekaya mwenye kichwa na mabawa ya tai juu ya kiwiliwili cha simba. Hao niliowakuta walitoka katika toleo la Mirage la Oktoba 1996, lenye karata 350, ambalo alama yake ni mti wa jamii ya mnazi. Waundaji wake walikuwa akina Bill Rose na Joel Mick. Limewekwa katika bara la kubuni liitwalo Jamuraa, lililovikwa sura za Afrika: vifaru, fisi, mamba, simba, jangwa na misitu. Yakatafutwa na majina. Wapiganaji wawili wekundu wanaitwa askari. Mnyonya damu mmoja anaitwa Shauku, na sijaona jina lililomkaa mnyonya damu vizuri zaidi ya hilo. Shujaa mmoja anaitwa Sidar Jabari. Na Ekundu, maskini, amesimama bila ngeli. Kwetu shina hilo haliendi mahali peke yake. Lazima livae kitu kwanza, liwe mwekundu, chekundu, nyekundu. Sikuudhika. Niliona kwamba mtu fulani mbali sana aliipenda sauti ya maneno yetu hata akayapa mabawa, na nikaona ni wajibu wangu kuwakusanya hao wenye majina ya kwetu na kuwafanya wapigane pamoja.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuunda jozi ya karata za ukoo mmoja. Wachezaji wa Kiingereza kwa miaka mingi waliziita jozi za aina hii jozi za kabila. Karibuni wachapishaji wenyewe wameliondoa neno hilo kwenye karata zao, wakaweka lenye maana ya jamaa. Mimi nasema ukoo. Ukoo una mzee wake, una tabia inayorithiwa, na una watu ambao mmoja mmoja si kitu sana.

Wazo hilo limo katika mchezo tangu siku ya kwanza. Richard Garfield, mwanahisabati aliyeubuni, na kampuni ya Wizards of the Coast walipotoa karata za mwanzo Agosti 1993, tayari walikuwamo wafalme watatu wa namna hii: mfalme wa magoblini, bwana wa watu wa baharini na mkuu wa wafu wanaotembea. Kila mmoja aliwapa jamaa zake uwezo ambao hawakuzaliwa nao. Mwaka 2007 toleo la Lorwyn likajenga dunia nzima juu ya koo: majitu, miti inayotembea, watu wa baharini na wengine. Koo hizo kubwa zina karata nyingi, na anayeziunda ana nafasi ya kuchagua. Grifini hawana anasa hiyo. Ni wachache, na toka Mirage wamekuwa wakidondoka mmoja leo, mwingine baada ya miaka. Ndiyo maana nawapenda.

Kanuni ni chache. Jozi isipungue karata 60. Karata moja isizidi nakala nne, isipokuwa zile za ardhi ya kawaida. Kila mchezaji huanza na uhai 20 na karata saba mkononi. Kila zamu unaweza kushusha ardhi moja, na ardhi ndiyo inayokupa mana, yaani nguvu ya kulipia viumbe na uchawi. Karata na mana huwa na rangi: nyeupe, nyekundu, nyeusi na nyingine. Kiumbe ana namba mbili: nguvu ya kupiga na uimara wa kustahimili.

Sasa tazama nilichokuwa nacho. Mtenda, nguvu 2 uimara 2, anaruka, gharama mana nne. Ekundu, 2 kwa 2, anaruka, mana nne. Teremko vivyo hivyo. Unyaro vivyo hivyo. Na Daraja Griffin, aliyekuja katika toleo la Visions mwezi Februari 1997, naye 2 kwa 2, anaruka, mana nne. Zuberi mwenyewe ni 3 kwa 3, mana tano, na humwongezea kila grifini mwingine aliyepo mezani nguvu moja na uimara mmoja.

Nilipowatandaza mkekani, mpwa wangu aliyekuwa akiniangalia akauliza, "Mjomba, mbona hawa wote ni yule yule?"

Alikuwa amegusa penyewe. Ukiweka nakala nne za kila mmoja wa wale watano wa mana nne una grifini 20 wasioweza kushuka kabla ya zamu ya nne. Zamu tatu za mwanzo umekaa mikono mitupu, na mwenzako mwenye magoblini ya mana moja ameshaingia ndani. Watunzi wa mashairi wana neno zuri, guni: shairi ambalo vina au mizani yake ina kasoro, likawa linachechemea. Jozi yangu ya kwanza ilikuwa guni. Ilikuwa na maana, ilikuwa na majina, haikuwa na mizani.

Na hapa ndipo kazi inapoanza kuwa tamu. Anayeunda jozi ya kushinda tu huchukua karata kali popote zilipo, akikwama, anabadilisha. Aliyejifunga kwa ukoo hana mlango huo. Yuko kama mtunzi wa tarbia aliyeshika kina cha mwisho na bado ana mishororo mitatu ya kutafuta: neno lipo, ila lazima alitafute ndani ya uzio. Uzio huo ndio unaomfanya azisome karata ambazo angezipita.

Nilianza na mana tatu. Griffin Sentinel wa toleo la msingi la mwaka 2009 ni 1 kwa 3, anaruka, na akishambulia hachoki, kwa hiyo anabaki na nafasi ya kulinda. Kwa nguvu yake si tishio. Lakini ni grifini, na kwa mana mbili yupo mtu anayemhitaji: Griffin Rider wa mwaka 2011, binadamu anayepanda grifini. Peke yake ni 1 kwa 1, hafai kitu. Ukiwa na grifini yeyote upande wako, anakuwa 4 kwa 4 na anaruka. Niliposoma karata hiyo nilielewa kwamba aliyeibuni alikuwa akifikiri kama mimi: mtu huyu thamani yake iko kwa jamaa aliyenaye.

Ikabaki mana moja, na ukoo hauna grifini wa mana moja aliyenifaa. Nilihangaika majuma kadhaa. Lipo jibu rahisi ambalo wengi wangelichukua, viumbe wa kujigeuza wa Lorwyn, ambao kanuni inawahesabu kuwa wa kila ukoo kwa wakati mmoja. Mmoja wao anaruka, ni 2 kwa 2 na gharama yake ni mana tatu. Angeongezewa nguvu na Zuberi kama mtoto wa nyumbani. Nilimweka jioni moja, nikamtoa asubuhi yake. Aliye wa kila ukoo hana ukoo. Wapo watakaonibishia, nao wana haki yao, mimi sikuweza.

Nikamchukua Savannah Lions, simba wa nyika wa toleo la kwanza la 1993: mana moja, 2 kwa 1. Hawi grifini kwa kanuni yoyote. Lakini nusu ya grifini ni simba, na niliona nyama hiyo inatosha kumpa mahali mlangoni. Nilipiga hesabu baadaye, na hesabu ndiyo iliyonifanya nikae kimya.

Tuseme unaanza wewe. Zamu ya kwanza, simba. Zamu ya pili, mpanda grifini. Simba anashambulia kabla mwenzako hajapata wa kumzuia, uhai 2. Zamu ya tatu Sentinel anashuka, na papo hapo mpandaji anapaa akiwa 4 kwa 4: uhai 4. Tangu hapo tuchukulie simba hapiti tena chini, ameshawekewa ukuta. Zamu ya nne Ekundu anashuka. Aliyeshuka leo hashambulii leo, kwa hiyo wanakwenda mpandaji na Sentinel: uhai 5. Zamu ya tano anakuja Zuberi. Yeye mwenyewe hashambulii, ila kwa kufika kwake tu Sentinel ana nguvu 2 na Ekundu ana 3. Pamoja na mpandaji ni 9. Mbili, nne, tano, tisa. Ishirini.

Ishirini kamili, na zile mbili za mwanzo ni za simba. Bila yeye mwenzako anabaki na uhai 2 na anapata zamu nyingine.

Haitokei mara nyingi, na mwenzako naye hakai tu akitazama. Zuberi nimemwekea nakala tatu tu, kwa kuwa kanuni haikuruhusu kuwa na wawili mezani kwa pamoja. Kufikia zamu ya tano umeshaona karata 11, na uwezekano wa mmoja wao kuwamo ni kama 46 kwa 100. Maana yake, siku nyingi kidogo zaidi ukoo unaingia vitani mzee hayupo. Ndiyo sababu wale watano wa mana nne, niliodhani ni yule yule, ilibidi niwasome upya, kila mmoja kwa kile kimoja anachokijua.

Ekundu hupiga kwanza kabla hajapigwa. Kwa hiyo huua wa kimo chake bila kupata jeraha. Daraja hujitoa mhanga akaondoka na kiumbe mweusi. Unyaro naye hujitoa ili kuzima uchawi mwekundu, jambo kubwa dhidi ya mwekundu na la bure dhidi ya wengine wote. Teremko ana ule uwezo wa zamani wa kwenda kwa kundi, ambao wachapishaji waliacha kuuweka kwenye viumbe wapya mwaka 1997 kwa kuwa watu wengi hawakuuelewa: akishambulia anaweza kushikamana na mwenzake, na kundi likizuiwa, wewe ndiye unayeamua kipigo kimwangukie nani kati yao. Ni kanuni ngumu, nakiri. Lakini hakuna uwezo unaowafaa ndugu kuliko huo, na niliona vibaya ulipoachwa.

Mtenda ndiye ninayempenda kuliko wote. Mwanzoni mwa zamu yako, kwa mana moja nyeupe, anarudi mkononi mwako, na anaporudi anamtoa grifini mmoja kaburini wakaja wote wawili. Wewe utamlipia upya mana nne ashuke tena. Tenda wema uende zako. Sijui kama aliyeandika jina hilo alijua anaandika nini, lakini karata inafanya hasa jina lake linavyosema. Naye ni mwepesi kulemea jozi, kwa sababu anakula zamu. Nakala mbili zinatosha.

Ardhi nimeweka 25. Ukianza wewe, kufikia zamu ya nne umeona karata kumi, na kwa wastani nne zake ni ardhi, ndiyo kiasi hasa wanachokitaka hawa ndugu. Kati ya hizo 25, tatu ni Griffin Canyon, korongo la grifini, ambalo humwamsha grifini aliyechoka na kumwongezea nguvu kwa zamu ile. Halitoi mana nyeupe, kwa hiyo la nne nimelikataa. Uchawi nimeuweka kidogo tu: Swords to Plowshares nne, za kumwondoa kiumbe mkali kwa mana moja, na Pacifism nne, zinazomfanya kiumbe asishambulie wala kuzuia. Hii ya pili ilichapishwa kwa mara ya kwanza katika Mirage hiyo hiyo, kwa hiyo iko nyumbani.

Mpwa wangu sasa anaichukua hii jozi mwenyewe bila kuniuliza. Anapoishusha karata husema majina yake kwa matamshi yetu, Te-re-m-ko, silabi kwa silabi, hata akiwa anacheza na mtu wa Kiingereza kitupu kwenye skrini ya simu. Nimemsikia akimweleza huyo mtu daraja ni nini.

Hesabu inasimama hivi: simba 4, mpanda grifini 4, Sentinel 4, Ekundu 4, Mtenda 2, Daraja 2, Zuberi 3, Swords to Plowshares 4, Pacifism 4, ardhi 25, na Teremko 3. Jumla 59. Ya sitini imeshikwa na Unyaro mmoja, kwa muda. Ukiwa na boksi la karata za miaka hiyo, zile zenye alama ya mti wa mnazi, zipekue taratibu. Nahitaji Teremko wa nne.