Asilimia 90 ya Ronald Ngala

Mwaka 1963, Ronald Ngala aliingia Bunge la Wawakilishi la Kenya akiwa kiongozi wa upinzani, na kazi yake kubwa ikawa kuilinda sheria iliyokwisha kuandikwa. Mwalimu huyu wa kutoka upande wa Gotani, Kilifi, alikuwa ameipigania katiba ya majimbo huko Lancaster House, London, mwaka 1962, chama chake cha KADU kikishauriwa na mwanasheria wa Uswisi, Edward Zellweger. Katiba hiyo ilianza kazi tarehe 1 Juni 1963. Nchi ikawa na majimbo saba, kila moja na baraza lake, na Ngala akawa Rais wa jimbo la Pwani huku akiuongoza upinzani Nairobi.

KADU hukumbukwa zaidi kwa hofu yake kwamba jamii ndogo zingemezwa na kubwa. Hofu hiyo ilikuwepo na ilikuwa na msingi. Lakini anayetaka kujua Ngala alikusudia kuilinda Pwani kwa njia gani, na asome hesabu za kubadilisha katiba. Vifungu vya kawaida vilihitaji asilimia 75 ya kura katika Bunge la Wawakilishi na pia katika Seneti. Vile vilivyobeba majimbo yenyewe vilihitaji asilimia 90 ya maseneta. Seneti ilipangiwa viti 41, kimoja kwa kila wilaya na kimoja cha Nairobi. Asilimia 90 ya 41 ni maseneta 37. Kwa hiyo wakikataa watano tu, mswada wa kuyavunja majimbo umekufa, hata serikali iwe na wingi wa namna gani. Kwa chama kilichoshindwa uchaguzi wa Mei 1963, hiyo ilikuwa kufuli ya kazi kubwa, na mimi naihesabu miongoni mwa kazi bora za kisheria zilizowahi kufanywa na mwanasiasa wa Pwani.

Mbona basi ilifunguka kwa mwaka mmoja na nusu?

Ufunguo ulikuwa mikononi mwa wabunge na maseneta, na watu hao wanaweza kuhama chama. Serikali ya KANU ilichelewesha kuyakabidhi majimbo madaraka yake, na fedha za kuyaendesha zilitegemea serikali kuu. Mbunge wa upinzani aliyerudi kwa watu wake bila barabara wala shule aliona wazi upande wenye mkono wa kutoa. Mmoja mmoja wakaanza kuvuka. Serikali nayo ikajiandaa kwa kura ya maoni endapo hesabu za bungeni zingekataa. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alitangaza bungeni kwamba KADU imevunjwa, na tarehe 12 Desemba Kenya ikawa jamhuri. Mwaka 1965 kiwango cha kubadilisha katiba kilishushwa hadi asilimia 65. Mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na Bunge la Wawakilishi, na mwaka huohuo Ngala akawa waziri. Wapo waliomwita msaliti. Mimi sikubaliani nao: kura za kuzuia zilikuwa zimemwishia.

Ndani ya Pwani hiyohiyo, Malindi ilikuwa na tatizo jingine ambalo hata kufuli nzima isingelitatua. Ardhi za wenyeji zilizokuwa hifadhi ziliwekwa chini ya mabaraza ya kaunti, jambo lililowafaa watu wa Kaloleni na Ganze. Malindi iko ndani ya ukanda wa maili kumi, Mwambao, uliokuwa chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar. Huko, hati za mashamba zilitolewa kwa sheria ya mwaka 1908, na Wagiriama wengi waliolima mashamba hayo miaka nenda miaka rudi wakabaki maskwota. Katika mapatano ya Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walikubaliana kwamba mahakama za Kadhi zitadumishwa na hati hizo za ardhi zitaheshimiwa. Majimbo yalikuwa kinga ya ardhi ambayo mwenyeji tayari anatambuliwa kuwa nayo, na skwota wa Malindi hakuwa na ya kutambuliwa.

Walioandika Katiba ya 2010 waliziba mianya miwili ya kwanza: fedha zilizotegemea serikali kuu, na kura za wabunge wanaoweza kuhama. Kifungu cha 203 kinazipa kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kifungu cha 255 kinataka kura ya maoni kabla ya kugusa muundo wa ugatuzi. Ufunguo umehamia kwa mpigakura. Seneta wa Kilifi, Stewart Madzayo, alipokuwa kiongozi wa wachache katika Seneti mwaka 2022, hakulazimika kuwahesabu maseneta watano wa kuiokoa kaunti yake isifutwe. Angeweza kutumia nguvu zake kwenye mswada wa kila mwaka wa mgao wa mapato.

Mwanya wa tatu, ardhi ya maskwota, ulibaki wazi. Sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi ilitoa miaka mitano ya kupeleka malalamiko ya dhuluma za kihistoria za ardhi, na muda huo uliisha mwaka 2021. Mbunge yeyote wa Kilifi, wa serikali au wa upinzani, aliyewajali maskwota wa Malindi angeweza kuanzia hapo. Kuufungua tena muda huo hakukuhitaji asilimia 90 wala kura ya maoni. Kulihitaji mswada wa kawaida na wingi wa kawaida wa kura.